Kitabu Kimoja, Darasa Zima

Tangu Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila karo katika shule za umma, madarasa ya Katuba, Kamalondo na Ruashi, hapa Lubumbashi, yamefurika. Madawati hayatoshi, na vitabu ndiyo usiseme. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa watoto 97 kati ya 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Takwimu hiyo inauma. Lakini sikubaliani na wanaosema tusubiri kwanza maboksi ya vitabu yafike. Kitabu kimoja cha hadithi nzuri, mikononi mwa mwalimu aliyejiandaa, kinatosha kuanzia kazi hata katika darasa la watoto 60.

Mtoto wa Lubumbashi anaingia darasa la kwanza na Kiswahili cha mtaani kwao, pengine pia na Kibemba, Kiluba au Kisanga cha nyumbani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia, ila mjini Kifaransa huwahi sana kushika usukani. Matokeo yake mtoto anatamka silabi sawasawa bila kujua zinasema nini: mwalimu anataja, darasa linaitikia, na hiyo ndiyo inaitwa kusoma. Hadithi inampa sababu ya kutafuta maana. Anataka kujua Kalulu, sungura mjanja wa hadithi, ataponyokaje safari hii.

Ushahidi upo, na umetoka mahali panapofanana nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi kama 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini Fiji. Vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo watoto wale hawakuizungumza nyumbani. Baadhi ya walimu waliwasomea watoto na kuzungumza nao juu ya hadithi. Wengine waliwaachia muda wa kujisomea kimya. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamesonga mbele katika kusoma kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kawaida. Sisi hatuna vitabu 250 kwa darasa. Njia ile ya kwanza, ya mwalimu kusoma na kuzungumza na watoto, inawezekana hata kwa kitabu kimoja.

Tuseme hadithi iko kwa Kifaransa. Mwalimu aisome nyumbani mpaka aweze kuinua macho anaposoma. Darasani aonyeshe kwanza picha ya jalada, akipita safu kwa safu ili wa nyuma nao waone, kisha aulize wanadhani kutatokea nini. Wajibu kwa Kiswahili chao, kile cha nyumbani, bila kusahihishwa. Akifika pale mhusika anapokwama, asimame: sasa atafanya nini? Hapo ndipo watoto wanaokaa kimya wakati wa somo la sarufi huinua mikono. Kesho yake aisome tena hadithi ileile, na sentensi inayojirudia waiseme wote kwa Kifaransa. Marudio hayo hayawachoshi. Watoto hupenda kujua kinachokuja. Siku ya tatu sentensi chache ziandikwe kwa herufi kubwa ubaoni, au kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ambayo haichaniki upesi. Sasa wanasoma maneno ambayo tayari wameshayaelewa. Baadaye waigize, na wakitaka wabadilishe mwisho. Naomba tu hadithi isifungwe kila mara kwa mtihani wa maswali kumi, kwani watoto wataanza kuiogopa.

Hadithi za Kiswahili zinapatikana. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania umekuwa ukihimiza uandishi huo tangu 1991, na African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili na za Kifaransa kwenye intaneti, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzirekebisha. Kiswahili sanifu cha hadithi hizo kinapomkwaza mtoto wa hapa, mwalimu asome kilivyoandikwa, halafu asimulie kwa lugha ya mji. Kwa njia hiyo watoto wanapata vyote viwili.

Hadithi zenye bukari (ugali wa hapa), soko, treni na mgodi wa shaba ni chache kwenye mikusanyo hiyo. Mji huu uliwahi kuwa na Mwana Shaba Junior, gazeti la vijana la kampuni ya migodi, lenye hadithi za picha. Leo pengo hilo linaweza kuanza kuzibwa na darasa lenyewe. Mtoto amwombe nyanya yake hadithi, aisimulie darasani, mwalimu aandike maneno yake jinsi alivyoyasema, wenzake wachore. Karatasi nane zikishonwa kwa uzi, tayari ni kitabu chenye jina la mtunzi kwenye jalada.

Wakuu wa shule nao wana sehemu yao: watenge dakika 20 za hadithi kwenye ratiba ya kila siku, na vitabu visifungiwe kabatini ofisini kwa hofu ya kuchafuka. Kitabu cha watoto kinachakaa kwa kusomwa. Kishonwe, kibandikwe, kirudi darasani.