Maneno na Majirani Zake: Utangulizi

Mwanafunzi anayesema "do a mistake" hajavunja kanuni yoyote ya sarufi. Kitenzi kipo, nomino ipo, mpangilio ni sawa, na Mwingereza atamwelewa. Lakini sikio la Mwingereza huyo litashtuka, kwa kuwa amezoea "make a mistake". Ukimuuliza sababu, hana. Ni mazoea tu, kama sisi tunavyopiga simu, tukapiga pasi na kupiga picha bila kumuumiza mtu. Taaluma ninayokukaribisha inachunguza mazoea hayo: neno lipi huandamana na lipi, na mgeni wa lugha afanyeje ili ayazoee.

Wa kwanza kutajwa ni Harold Palmer, Mwingereza aliyekwenda Japani mwaka 1922 kushauri juu ya ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka 1933 alitoa ripoti yenye maelfu ya vifungu vya namna hii, akishikilia kwamba kila kimoja kijifunzwe kizimakizima. A. S. Hornby, aliyefanya kazi naye, aliongoza kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliitoa upya mwaka 1948, na vitukuu vya kamusi hiyo bado vimo katika maktaba za shule zetu.

Huko London, J. R. Firth alifundisha kwamba maana ya neno hutafutwa pia kwa majirani zake. Mwanafunzi wake, Halliday, alitoa mfano ambao walimu hawajauacha: chai ni "strong", kamwe si "powerful", ingawa maneno yote mawili yana maana ya nguvu.

Hoja hizo zilikosa ushahidi wa kutosha mpaka kompyuta zilipokuja. John Sinclair na wenzake wa Birmingham walikusanya mamilioni ya maneno kutoka magazetini, vitabuni na katika mazungumzo, wakalipanga kila neno katikati ya ukurasa pamoja na majirani zake wa kushoto na kulia. Kamusi yao ya COBUILD ilitoka mwaka 1987. Walichokiona kiliwafanya wengi wafikiri upya: msemaji hachagui neno mojamoja kama tulivyodhani, bali sehemu kubwa ya usemi wake ni vipande vilivyokwisha kuungwa. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zito kuliko yote katika taaluma hii, maana linabadilisha hata namna ya kutumia daftari la msamiati.

Na nahau je? Wanafunzi huzipenda, na walimu huzitungia mitihani. "Kick the bucket" na "raining cats and dogs" zinajulikana hadi vijijini, ila Waingereza wenyewe huzitumia kwa nadra. Rosamund Moon alipozisaka katika matini nyingi, kwenye kitabu chake cha mwaka 1998, alikuta nahau nyingi mashuhuri hazifikii hata mara moja katika kila maneno milioni moja. Zijue ili usipotee unapozikuta. Kuzipachika katika barua ya kuomba kazi ni kujitafutia kichekesho.

Msemaji wa Kiswahili hasumbuliwi sana pale lugha hizi mbili zinapotofautiana waziwazi. Husumbuliwa zinapokubaliana nusunusu. Tazama "kuvunja". Tunavunja sheria, ahadi na rekodi, na Kiingereza nacho husema "break" kwa zote tatu. Mwanafunzi akishapata imani hiyo, anavunja na mkutano kwa "break", na hapo ndipo Kiingereza kinapomkana: mkutano ni "close" au "end", na bunge ni "dissolve". "Kufanya" nako kunagawanyika kati ya "make" na "do", mvua kubwa inakuwa "heavy", na dawa tunayoinywa wao "wanaichukua". Vitabu vya kutoka ng'ambo haviwezi kukuonya juu ya mitego hii, kwa sababu waandishi wake hawakukuandikia wewe.

Basi usianze kwa kukariri orodha. Chukua gazeti lolote la Kiingereza, pigia mstari nomino unazozijua vizuri, kisha tazama ni vitenzi na vivumishi gani vimekaa kando yake. Andika kifungu kizima, pamoja na sentensi ulimokikuta. Ukifika nomino ya ishirini, fungua sura ya kwanza.