Mkufunzi wa Sayansi na Maneno ya Kila Siku

Mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu hafundishi watoto, bali huwafundisha wale watakaowafundisha watoto. Kwa hiyo dhana iliyokaa vibaya katika darasa lake haiishii hapo chuoni. Kila mwanachuo huichukua na kuipeleka shuleni kwake, akaifundisha mwaka baada ya mwaka. Kazi hii huhesabiwa kuwa ni ya elimu tu, lakini ukiitazama jinsi ilivyofanywa nchini Tanzania, ni dhahiri kwamba sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha.

Baada ya uamuzi wa mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma liliharakisha mpango wa kuwapatia watoto wote elimu ya msingi, ikawa hapana budi kupata maelfu ya walimu kwa muda mfupi. Wakufunzi waliosoma sayansi yao kwa Kiingereza walitakiwa kuwaandaa walimu ambao wangeifundisha kwa Kiswahili. Basi mkufunzi akawa mfasiri pia, ingawa hakuitwa hivyo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa orodha za istilahi. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Wengi hudhani kuwa taabu ya mkufunzi imo katika maneno mapya. Lakini neno kama oksijeni halimpotezi mtu, kwa sababu halina maana nyingine nyumbani. Taabu kubwa zaidi imo katika maneno ya zamani. Katika mazungumzo ya kila siku, buibui na nge ni wadudu. Katika sayansi mdudu ana miguu sita, na hao wana minane. Mazungumzo humtenga ndege na samaki na wanyama, hali sayansi huwatia wote katika kundi hilo. Neno nguvu hubeba maana ambazo fizikia huzigawa kwa kani na nishati. Kadhalika joto si sawa na halijoto: kikombe cha maji yachemkayo kina halijoto kubwa kuliko ndoo ya maji vuguvugu, walakini ndoo hiyo yaweza kuyeyusha barafu nyingi zaidi. Mwanachuo aliyekwisha kuyajua maneno haya tangu utotoni haoni haja ya kuuliza maana yake, na hapo ndipo kosa hujificha.

Dawa yake si kumkataza mwanachuo lugha ya kwao. Mkufunzi hodari huwaambia wanachuo walete siafu, panzi na buibui, wawahesabu miguu, wawagawe makundi wenyewe, kisha ndipo jina litajwe. Njia hii ilitiliwa mkazo na African Primary Science Program, mpango ulioanza mwaka 1965, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Eleanor Duckworth, aliyepata kusoma kwa Jean Piaget huko Geneva, aliuchunguza mpango huo nchini Kenya. Hakuwauliza watoto maana za maneno. Aliwapa vitu wasivyovizoea, akatazama watakalofanya navyo. Watoto wa madarasa ya mpango huo walibuni mambo mengi zaidi na yenye kina zaidi kuliko wenzao.

Hata hivyo, vitendo bila jina havitoshi, na jina bila vitendo ni hatari zaidi. Neno usanisinuru limeundwa vizuri: usanisi ni uundaji kwa kuunganisha, na nuru ni mwanga. Lakini mwalimu aweza kulikariri neno zima asijue kwamba mmea hujitengenezea chakula. Mwanachuo alifunike jani kwa karatasi nyeusi sehemu yake tu, na baada ya siku mbili alichemshe, alitoe rangi yake ya kijani kwa spiriti iliyopashwa moto ndani ya maji ya moto, kisha alidondoshee iodini. Sehemu iliyopata mwanga hugeuka rangi ya buluu iliyokoza hata kukaribia weusi, iliyofunikwa haigeuki. Baada ya hapo, neno nuru lililomo katika istilahi hiyo lina ushahidi wake.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha. Mtunga kamusi hutoa istilahi na fasili yake, lakini hana njia ya kujua kama imeeleweka au imekaririwa tu. Mkufunzi huliona hilo kila siku, katika majibu ya wanachuo wake na katika madarasa anayokwenda kuwakagua. Istilahi za shule za msingi zisitungwe, wala zisirekebishwe, bila ya kuulizwa yeye.