Barabara ya Muheza–Amani na Wajibu wa Vyama Vyetu



Mkulima akiulizwa ni kitu gani kinachompunguzia bei ya mazao, mara nyingi atamtaja mlanguzi, au mizani, au soko la nchi za nje. Ni wachache watakaoitaja barabara. Lakini kwa sisi wa Tarafa ya Amani, barabara ndiyo mnunuzi wa kwanza: hukata fungu lake kabla gunia halijafika mjini. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa tuizungumze barabara hii, ilikotoka, inakopita na inakoelekea, ili kila chama kijue wajibu wake.

Njia yenyewe

Barabara inaanzia mjini Muheza, panapokutana reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Segera. Kutoka hapo hadi Amani ni kilomita zipatazo 35. Sehemu ya kwanza ni ya nchi tambarare na vilima vidogo, penye minazi, michungwa na mashamba ya mkonge. Baada ya Kisiwani, gari hufika Sigi, chini ya mlima, na hapo ndipo shida inapoanza. Kutoka Sigi barabara hupanda kwa kona baada ya kona ndani ya msitu hadi Amani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ziko njia za kwenda Kwamkoro na vijiji vya milimani, penye chai, iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini.

Mlima huo hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wake ni mwekundu na wa mfinyanzi: ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa huteleza kama sabuni. Mkaguzi anayepanda wakati wa masika hujifunza mapema kubeba jembe na mnyororo.

Ilikotoka

Barabara hii haikutengenezwa kwa ajili ya mkulima. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakajaribu huko mazao na miti kutoka pande nyingi za dunia. Kisha ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni, penye reli kubwa, hadi Sigi, hasa kwa kuteremshia mbao. Reli hiyo haikupanda mlima. Iliishia Sigi, na kutoka hapo mizigo na watu waliendelea kwa njia ya mlimani.

Katika utawala wa Waingereza utafiti wa kilimo uliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940, ulipohamishiwa Muguga, Kenya. Mahali pake pakaja utafiti wa malaria, na jina la Amani likajulikana kwa kazi hiyo. Magogo nayo yaliendelea kuteremshwa kwa miaka mingi, hadi uvunaji mkubwa wa miti uliposimamishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1997 msitu huo ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Asilia Amani. Reli ya Sigi haipo tena, na nyumba ya kituo chake hupokea wageni wa Hifadhi.

Tukiangalia historia hiyo tunaona jambo moja. Kila aliyehitaji njia hii alikuwa amejipanga: mwenye mbao alikuwa na kampuni, mtafiti alikuwa na serikali nyuma yake, mwenye chai alikuwa na kiwanda. Mkulima wa iliki peke yake ndiye aliyepita hapo na mzigo kichwani.

Barabara na bei

Mchuuzi anapopanga bei ya kununulia kijijini, huanza na bei ya mjini. Hutoa gharama ya gari, hutoa faida yake, kisha hutoa kitu cha tatu ambacho hakitaji: hofu. Ni hofu ya kukwama, ya kuvunja springi, ya kulala njiani na mzigo uliolowa. Hofu hiyo yote hulipwa na mkulima.

Katika ukaguzi mmoja nilikuta kwenye ghala la chama fulani pilipili manga iliyoota ukungu. Lori lilikuwa limeshindwa kupanda kwa siku tisa. Wanachama walikuwa wameleta mzigo uliokauka vizuri, lakini ghala lilikuwa halina vichanja, magunia yakawekwa sakafuni. Mkutano ulipoitishwa, lawama zote zilipewa mvua. Kwa kweli mvua ilikuwa na nusu ya kosa. Nusu nyingine ilikuwa yetu.

Tutazame pia hesabu, kwa mfano tu. Tuseme lori la tani 3 linakodiwa kwa shilingi 180,000 kuteremka hadi Muheza. Likijaa, kila kilo hulipiwa shilingi 60. Mwanachama anayeteremka peke yake kwa pikipiki na kilo 30, akalipa shilingi 10,000, amelipia kila kilo shilingi 333. Barabara ni ile ile, na mvua ni ile ile. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alikusanya mzigo na wenzake, na mwingine hakukusanya.

Lami inakuja

Katika miaka ya hivi karibuni Serikali imeanza kuijenga barabara ya Muheza–Amani kwa lami, kwa awamu, kipande baada ya kipande. Hili ni jambo la kushukuru. Mgonjwa atawahi hospitali, mwanafunzi atawahi shule, na majani mabichi ya chai, ambayo hayangoji, yatawahi kiwanda.

Hata hivyo tusijidanganye. Lami itamfikisha mchuuzi kijijini kwa urahisi kuliko zamani. Atakuja na gari dogo asubuhi, mkononi ana fedha taslimu, akiwa tayari kumnunulia mwanachama mmoja mmoja mlangoni pake. Chama kinachochelewesha malipo, au ambacho daftari lake la mapokezi halisomeki, kitapitwa na wanachama wake wenyewe. Barabara mbovu ilituumiza, lakini pia ilituficha udhaifu wetu. Barabara nzuri itauweka wazi.

Liko pia jambo la maji. Vijito vya milima hii huingia katika Mto Zigi, na mto huo hujaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, ambalo hulisha mji wa Tanga. Mtaro wa barabara ukiziba, maji hukata ukingo na kubeba udongo mpaka bwawani. Mwenye shamba la kando ya barabara anayelima hadi kwenye mtaro anaharibu njia ya gari lake na maji ya ndugu zake wa mjini kwa jembe moja.

Mambo ya kufanya

Kwa hiyo nashauri kila chama kizingatie haya:

(a) Kituo cha kukusanyia. Kila chama kichague mahali pamoja pa kupimia na kupakilia, penye mizani iliyokaguliwa, paa lisilovuja na vichanja vya kuinulia magunia.

(b) Siku ya lori. Bodi ipange siku maalumu za kuteremsha mzigo, na itangaze mapema, ili gari lijae. Vyama jirani vinaweza kukodi gari kwa pamoja.

(c) Hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Chama kisijenge ghala wala kibanda ndani ya eneo hilo, kwani kitakuja kuvunja kwa gharama yake.

(d) Barabara za vijiji. Barabara ya mkoa iko chini ya TANROADS. Zile za kutoka vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Lami isiyounganishwa na kijiji haimfai mkulima. Katibu aandike kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, aonyeshe ni kilo ngapi zilizopita njia hiyo msimu uliopita. Ombi lenye takwimu hupata kusikilizwa kuliko lenye malalamiko.

(e) Mitaro. Wanachama wenye mashamba ya kando waache ukanda wa majani kati ya shamba na mtaro.

Ndugu Wanachama, wazee wetu walipita njia hii na mizigo kichwani, na bei wakapangiwa na watu waliowasubiri chini ya mlima. Sasa njia inanyooshwa. Tukiteremka mmoja mmoja tutawakuta watu wale wale wakitungoja pale pale. Kabla ya msimu ujao, kila Bodi ikae, ipitie mambo haya matano, na majibu yaandikwe katika kitabu cha mihtasari. Nitakapokuja kukagua, hicho ndicho kitabu nitakachokiomba kwanza.