Beer-sheba: Jina Lililobeba Mapatano

Mkazi wa Isiolo hahitaji kufundishwa jinsi kisima kinavyoweza kuzua vita. Mvua zikikosa, wafugaji wa Kiborana, Kisomali, Kisamburu na Kiturkana hukutana na mifugo yao penye maji machache, na ugomvi wa zamu birikani huweza kumwaga damu. Ndiyo maana msomaji wa huku ana sababu ya kulitazama kwa makini jina Beer-sheba katika kitabu cha Mwanzo. Wengi hulipita kama jina la mji tu, lakini kwa ninavyolisoma ni kumbukumbu ya mapatano juu ya maji.

Kwa Kiebrania, sehemu ya kwanza ya jina ni kisima. Ya pili ni saba, neno ambalo Kiswahili kimelipata kwa Kiarabu, ndugu wa Kiebrania. Tena inafanana na kitenzi cha kula kiapo. Sura ya 21 inazitumia maana zote mbili. Watumishi wa mfalme Abimeleki wamenyang'anya kisima. Ibrahimu analalamika waziwazi, anatoa kondoo wa kike saba wawe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekichimba, kisha wote wawili wanaapa. Jina linakuja baada ya yote hayo.

Wapo watakaouliza mbona sura ya 26 inasimulia tena asili ya jina hilo, safari hii kwa Isaka. Wataalamu wengi huona hapo mapokeo mawili yaliyounganishwa. Hata ikiwa hivyo, mpangilio wa kitabu una fundisho. Ibrahimu alipokufa, visima vyake vilifukiwa. Isaka akavifukua na kuvirudishia majina yaleyale, lakini vipya vikagombewa: kimoja akakiita Eseki, yaani ugomvi, kingine Sitna, yaani uadui. Amani ilithibitishwa pale yeye na Abimeleki walipoapa upya. Kiapo cha baba hakikumtosha mwana. Isiolo na majirani zake wanalijua hilo: Azimio la Modogashe la mwaka 2001, mapatano ya amani ya wafugaji yaliyoweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke, lilibidi lipitiwe upya mwaka 2005.

Mwingine atasema jina kama hilo ni hati ya kumfukuza jirani. Sura ya 21 inamjibu, maana inamalizia kwa kusema Ibrahimu aliendelea kukaa nchini humo akiwa mgeni. Alitambuliwa haki ya kisima alichochimba, wala hakupewa ruhusa ya kumfukuza yeyote. Wazee wa Kiborana nao wana desturi iliyo karibu na hiyo: aba herega, msimamizi wa kisima, hupanga zamu ya kunywesha, na mwenye kuja kwa kuomba hutafutiwa nafasi. Wala jina pekee halina kinga. Nabii Amosi aliwaonya watu wasikimbilie Beer-sheba kuabudu ilhali haki imekanyagwa.

Basi serikali ya kaunti na mashirika yanayochimba visima vya pampu Isiolo yaketishe kwanza jamii zote zitakazonywesha hapo. Zamu na ada ziandikwe, mashahidi watajwe, na mapatano yapitiwe upya kila mwaka kabla kiangazi hakijabana. Pampu ifungwe baada ya hapo, si kabla.