Sakafu ya Matofali Uani: Kagua Kilicho Chini

Uani ndiko kwenye kazi nyingi za nyumba: kufua, kuosha vyombo, kuchambua mboga, kukaa jioni na wageni. Ndiko pia tope linakoanzia kila masika. Sakafu ya matofali ya kuchoma huliondoa tope hilo, tena ina sifa ambayo jamvi la zege halina: bomba likipasuka chini yake, unang'oa matofali, unatengeneza, kisha unayarudisha yale yale. Uimara wake, hata hivyo, hutokana na kilichofukiwa chini. Ndiyo sababu nasisitiza mwenye nyumba awepo kazi inapoanza.

Fikiria maji kwanza. Sakafu iinamie mbali na nyumba kwa sentimita 2 kila mita. Yenye upana wa mita 3 itashuka sentimita 6 kutoka ukutani hadi ukingoni. Funga kamba kwenye vigingi kwa mwinamo huo, uuhakiki kwa pima maji. Upande wa ukutani, uso wa sakafu ubaki sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa juu ya msingi. Ukiinua sakafu kupita hapo, unyevu utapanda ukutani na lipu itabanduka.

Matofali nayo yachaguliwe. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa sauti butu. Kisha loweka machache kwa saa 24. Yakimomonyoka pembe ukiyakwangua kwa msumari, hayakuiva vya kutosha, na mvua itayamaliza. Vipimo hutofautiana kutoka tanuri moja hadi jingine, hivyo pima uliyonayo. Tofali la sentimita 22 kwa 10.5 likilazwa kwa ubapa, mita moja ya mraba huchukua kama 43. Kwa uani wa mita 3 kwa 4 utahitaji 516. Ongeza asilimia 5 kwa yatakayovunjika na kukatwa, ununue kama 540.

Sasa chimba. Tofali la unene wa sentimita 7, mchanga sentimita 4 na moramu sentimita 10 hufanya jumla ya sentimita 21 chini ya uso wa sakafu. Ondoa udongo wote wenye majani na mizizi. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi, chimba zaidi na ujaze moramu, kwa maana udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na sakafu hupanda na kushuka nao.

Moramu imwagwe kwa matabaka mawili, kila moja linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka jingine. Ikiwa kavu sana haishikani. Ikilowa chepechepe hubonyea tu. Kanyaga kwa kisigino: kikiacha alama, endelea kushindilia.

Kabla ya kupanga, jenga ukingo: safu ya matofali yaliyosimamishwa ndani ya zege pande zote zisizo na ukuta. Bila ukingo, matofali ya pembeni husogea, nafasi hupanuka, mchanga hutoka na sakafu hufumuka. Kisha tandaza mchanga wa mto na kuusawazisha kwa ubao ulionyooka. Mchanga wa baharini usitumike, kwani chumvi yake hupanda na kuacha ukungu mweupe juu ya matofali.

Panga kuanzia pembe iliyo mraba, ukigonga kila tofali kwa nyundo ya mpira. Kama gari litapita, panga kwa mtindo wa mfupa wa samaki, ambao hufungana vizuri zaidi magurudumu yanapokata kona. Mwisho, fagilia mchanga mkavu laini kwenye nafasi, gonga tena, na urudie baada ya wiki chache mchanga ukishashuka.

Fundi mwenye haraka hupunguza moramu, maana matofali yakishapangwa hakuna atakayeiona. Basi mkubaliane mapema: malipo ya kwanza ya ufundi yatolewe baada ya wewe kupima kina cha moramu na kuikanyaga, kabla tofali la kwanza halijalazwa.