Pakiti ya ORS: Itazame kabla ya kuipasua

JE, mtoto akianza kuharisha usiku, pakiti ya ORS uliyoiweka kabatini bado inafaa? Hapa pwani, kuanzia Kilifi hadi Malindi, hewa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na unyevu ndio adui wa unga huo.

Ndiyo sababu pakiti nzuri huwa na tabaka kadhaa: plastiki au karatasi nje, alumini katikati ya kuzuia unyevu na mwanga, na plastiki ndani inayoyeyushwa kwa joto ili kingo zishikane. Ukiikunja mara kwa mara au kuibana kwa pini, alumini hutoboka.

Unga ulioganda lakini ungali mweupe na unayeyuka wote, waweza kuutumia. Uliogeuka rangi ya kahawia, utupe.

Weka pakiti katika kopo kavu lenye kifuniko. Soma kipimo: nyingine ni za nusu lita, nyingine lita 1. Tumia maji safi. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwage.

Mtoto akilegea, macho yakibonyea au akishindwa kunywa, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitalini.