Safari ya John Glenn katika Sinema Mbili: Historia, Hesabu na Usanii

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, akiwa ndani ya chombo kidogo kilichoitwa Friendship 7. Yuri Gagarin na Gherman Titov wa Urusi ya Kisovieti walikuwa wamekwisha kuizunguka dunia mwaka uliotangulia. Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Aliizunguka mara 3, akatua katika Bahari ya Atlantiki baada ya muda wa saa 4, dakika 55 na sekunde 23.

Safari hiyo imeigizwa katika sinema mbili mashuhuri. Ya kwanza ni The Right Stuff ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Philip Kaufman kwa kufuata kitabu cha Tom Wolfe. Ya pili ni Hidden Figures ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Theodore Melfi kwa kufuata kitabu cha Margot Lee Shetterly. Kwa kuwa tukio ni moja, na kumbukumbu zake rasmi zimehifadhiwa, sinema hizi humpa mwalimu wa sayansi au wa historia nafasi nzuri ya kuwafundisha wanafunzi namna ya kupima masimulizi. Zoezi hilo si la kutafuta makosa madogo madogo. Ndani ya sinema hizi mna majina ya watu wa kweli, na wengi wa watazamaji hawatawajua watu hao kwa njia nyingine.

Mizunguko mitatu au saba?

Katika sinema zote mbili mtazamaji huelezwa kwamba Glenn alitazamiwa kuizunguka dunia mara 7, na kwamba safari ilikatizwa baada ya mara 3 kwa sababu ya hatari iliyozuka. Ukweli ni kwamba safari ilipangwa tangu mwanzo kuwa ya mizunguko 3. Namba 7 ilitokana na maneno aliyoambiwa Glenn mara tu baada ya kufika angani: kwamba njia yake inatosha kwa mizunguko isiyopungua 7.

Maana ya maneno hayo ni jambo la fizikia. Friendship 7 ilizunguka katika njia ya duaradufu, ambayo sehemu yake ya chini kabisa ilikuwa kilometa 160 hivi kutoka ardhini, na ya juu kabisa kilometa 260 hivi. Katika kimo hicho hewa ni haba mno, lakini haijaisha. Kila mara chombo kinapopita sehemu ya chini hewa hiyo hukipunguzia nishati kidogo, na njia yake huzidi kushuka. Waongozaji walikuwa wakisema kwamba chombo kingeweza kuzunguka mara 7 au zaidi kabla ya hewa kukishusha. Hicho kilikuwa kipimo cha usalama. Waandishi wa sinema wakakigeuza kuwa mpango wa safari.

Hatari ya kweli

Hatari yenyewe haikubuniwa. Ishara moja ya redio ilionyesha kwamba ngao ya joto, iliyowekwa chini ya chombo ili kumkinga Glenn wakati wa kurudi katika angahewa, ilikuwa imelegea. Juu ya ngao hiyo zilifungwa kwa mikanda ya chuma roketi ndogo za kupunguza mwendo, ambazo kwa kawaida hutupwa zikisha kufanya kazi yake. Waongozaji waliamua zisitupwe, kwa tumaini kwamba mikanda ingeishikilia ngao mpaka msukumo wa hewa uwe na nguvu ya kuibana mahali pake. Wakati wa kushuka Glenn aliona vipande vinavyowaka vikipita dirishani, asijue kama ni vya roketi au ni vya ngao yake. Baadaye iligunduliwa kwamba ngao ilikuwa salama. Swichi iliyotoa ishara ndiyo iliyokuwa na hitilafu. Hapa wasanii hawakuhitaji kuongeza chumvi.

Vimulimuli

Jua lilipochomoza mara ya kwanza katika safari yake, akiwa juu ya Bahari ya Pasifiki, Glenn aliona chembe nyingi zinazong'aa zikielea nje ya chombo, akazifananisha na vimulimuli. Katika The Right Stuff wenyeji wa asili wa Australia wanaonekana wakiwasha moto usiku, cheche zinapaa, na mtazamaji anaachwa afikiri kwamba cheche hizo ndizo zilizomfikia Glenn. Picha inapendeza, lakini cheche za moto hupoa na kuzimika muda mfupi tu baada ya kupaa. Jibu lilipatikana tarehe 24 Mei 1962, pale Scott Carpenter alipogonga ukuta wa chombo chake kwa ndani, akaona chembe kama zile zikitawanyika nje. Zilikuwa barafu laini iliyoganda juu ya chombo. Jaribio hilo rahisi ni mfano mwema wa kazi ya sayansi, na linastahili kusimuliwa darasani.

Hesabu za Katherine Johnson

Hidden Figures yahusu wanawake weusi waliokuwa wakifanya hesabu katika kituo cha Langley, Virginia. Humo Glenn, siku yenyewe ya kurushwa, anaomba hesabu za kompyuta zihakikiwe na Katherine Johnson. Naye anazimaliza kwa muda mfupi na kuzikimbiza. Ni kweli kwamba Glenn alitoa ombi hilo. Lakini alilitoa kabla ya siku ya safari, na kazi ilimchukua Johnson siku moja na nusu, akizipitia namba kwa mashine ya hesabu ya mezani. Msanii amezibana saa hizo kuwa dakika. Kwa kufanya hivyo ameuficha uvumilivu, ambao katika kazi ya namna hii ndio sifa kubwa kuliko wepesi.

Hata hivyo sinema hiyo imepatia jambo moja ambalo walimu wa hisabati wataliheshimu. Inamwonyesha Johnson akikumbuka mbinu ya Euler, mtaalamu wa karne ya 18. Njia ya chombo kinachoingia katika angahewa haielezwi kwa kanuni moja fupi, kwa maana ukinzani wa hewa hubadilika kila kimo na kila mwendo unapobadilika. Kwa hiyo mkokotoaji huanza na mahali na mwendo vinavyojulikana, akakadiria chombo kitakuwa wapi baada ya muda mdogo, kisha akaanza upya kutoka hapo, hatua kwa hatua. Kadiri hatua zinavyokuwa fupi ndivyo jibu linavyokaribia ukweli, na ndivyo kazi inavyozidi kuwa ndefu.

Nani hulipa gharama?

Mwandishi wa sinema ana saa mbili au tatu tu, na hawezi kuonyesha watu mia. Hana budi kupunguza wahusika, kubana muda, na kuyakusanya matendo ya wengi katika mkono wa mmoja. Hiyo ni haki ya sanaa yake. Lakini kila badiliko lina gharama, na aghalabu hulipwa na mtu asiyekuwapo kujitetea.

Mfano wa kwanza ni Virgil Grissom. Tarehe 21 Julai 1961, baada ya kutua baharini, mlango wa chombo chake ulifyatuka. Maji yakaingia, chombo kikazama, naye akanusurika kufa maji. Alishikilia kwamba hakuufyatua yeye. The Right Stuff inamwonyesha kama mtu aliyeshikwa na hofu. Lakini mwezi Oktoba 1962 Walter Schirra, baada ya kumaliza safari yake, aliufyatua mlango wake kwa makusudi, na kitufe kikamwumiza mkono. Mkono wa Grissom haukuwa na jeraha la aina hiyo. Grissom alifariki katika moto wa Apollo 1 tarehe 27 Januari 1967, miaka 16 kabla ya sinema kutolewa.

Mfano wa pili ni wa ubaguzi. Katika Hidden Figures Johnson anakimbia mbali kutafuta choo cha watu weusi, mpaka mkubwa wake Mzungu analivunja bango la ubaguzi. Mkubwa huyo ni mhusika wa kubuniwa. Johnson mwenyewe alieleza kwamba alikitumia choo kilichokuwa karibu, wala hakukubali kwenda kwingine. Taabu ya choo ilimpata hasa mwenzake Mary Jackson. Vilevile idara ya wakokotoaji weusi, iliyosimamiwa na Dorothy Vaughan tangu 1949, ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwaka 1958, ilhali matukio ya sinema yamewekwa mwaka 1961 na kuendelea. Tena kulikuwa na bango la kweli lililoondolewa: katika miaka ya 1940 Miriam Mann, mmoja wa wakokotoaji hao, alikuwa akilitoa bango la ubaguzi juu ya meza yao ya chakula, na kila liliporudishwa akalitoa tena. Sinema imemnyima mwanamke huyo tendo lake la ushujaa, ikampa mwanamume ambaye hakupata kuishi.

Sauti kutoka Unguja

Wengine waliosahauliwa ni watumishi wa vituo vya redio. Tuseme chombo kiko kimo cha kilometa 200. Umbali wa upeo wa macho hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa nusu kipenyo cha dunia, kilometa 6,371, kisha kwa 200, na kutafuta kipeuo cha pili cha jawabu. Yaani kilometa 1,600 hivi. Chombo kinachopita juu kabisa ya kituo huonekana kwa kilometa 3,200, na kwa mwendo wa kilometa 7.8 kwa sekunde hizo ni dakika 7 tu. Ndiyo sababu mradi wa Mercury ulihitaji vituo 18 kuizunguka dunia.

Viwili kati ya hivyo vilikuwa katika bara la Afrika: Kano nchini Nigeria, na Unguja. Masafa ya kilometa 3,900 hivi yaliyopo kati ya miji hiyo Glenn aliyapita kwa muda usiofika dakika 10. Kituo cha Unguja kilizusha mabishano ya kisiasa tangu kilipoanzishwa, na kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. The Right Stuff imekionyesha kwa urefu kituo cha Australia. Unguja haikupewa nafasi katika hadithi yoyote kati ya hizi mbili.

Basi mwalimu akizionyesha sinema hizi, na awape wanafunzi maswali matatu: je, jambo hili linakubaliana na kanuni za maumbile? Je, lilitokea lini, na kwa muda gani? Na je, ni nani hasa aliyelitenda? Swali la kwanza hujibiwa kwa hesabu. Mawili yaliyobaki hujibiwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu zipo: mazungumzo ya Glenn na vituo vya ardhini yalipigwa chapa mwaka 1962, na humo maneno ya kituo cha Unguja yamo pamoja na ya vituo vingine.